Bonde la Ngorongoro na Watu Wake

Msafiri atokaye Karatu kwenda Ngorongoro huyaacha nyuma mashamba ya Wairaqw, yenye mahindi, ngano na maharagwe, akaingia katika msitu wenye ukungu na baridi. Njia hupanda na kupinda. Kisha kwa ghafula miti hukoma, naye huona chini yake bonde kama bakuli kubwa, lenye kina cha meta 600 hivi na eneo la kilomita za mraba 260 hivi. Zamani za kale hapo palikuwa na mlima wa moto. Kilele chake kikadidimia, ukabaki ukuta uzungukao pande zote.

Ndani ya bonde limo ziwa liitwalo Magadi. Mto Munge huliletea maji kutoka mlima Olmoti, lakini ziwa halina mahali pa kuyatolea. Jua huyakausha, magadi hubaki. Kwa hiyo wakati wa kiangazi ufuo wake huwa mweupe kama chokaa. Maji hayo hayafai kunywewa, walakini heroe huja kwa maelfu kutafuta chakula chao humo. Nyumbu, punda milia, nyati, simba na vifaru hukaa katika nyika iliyo karibu.

Wageni wengi huyatazama hayo, wakarudi kwao wakidhani ya kuwa bonde hili lilikuwa la wanyama peke yao tangu mwanzo. Sivyo. Wadatoga walichunga ng'ombe humo kabla ya kushindwa na Wamasai katika karne ya 19, na hata sasa huliheshimu kaburi la mkubwa wao lililomo bondeni. Mwaka 1892 alifika Oscar Baumann, msafiri wa Austria. Alikuta nini? Sotoka ilikuwa imekwisha kuua ng'ombe, na Wamasai wamekonda, wamebaki mifupa na ngozi, hata wazazi wengine walitaka kutoa watoto wao wapate nyama kidogo. Nchi ilikuwa nzuri kama ilivyo leo, na watu walikuwa wakifa ndani yake.

Wakati wa utawala wa Wadachi, ndugu wawili wa jamaa ya Siedentopf walifuga ng'ombe humo, mpaka vita iliyoanza mwaka 1914 ikawaondoa. Mwaka 1951 Waingereza waliitia Ngorongoro katika hifadhi ya Serengeti. Mwaka 1954 wenyeji wakakatazwa kulima, wakanung'unika sana. Basi mwaka 1959 nchi iligawanywa: Wamasai walitoka Serengeti, wakaahidiwa kwamba katika Ngorongoro watakaa na mifugo yao pamoja na wanyama wa mwituni.

Lakini mwaka 1974 waliokuwa wakiishi ndani ya bonde waliondolewa, na mwaka uliofuata kilimo kilikatazwa tena. Mwaka 1979 Ngorongoro iliandikwa katika urithi wa dunia nzima. Tena mwaka 2022 serikali ilianza kuzihamishia jamaa Msomera, katika wilaya ya Handeni. Serikali husema kwamba watu na mifugo wamezidi. Wenyeji wengi husema kwamba ahadi ya 1959 imevunjwa.

Neno la serikali si la kudharauliwa, maana nyasi zina mpaka, na msitu ukikatwa, vijito vishukavyo mashambani Karatu vitakauka. Lakini tusisahau ya kuwa Wamasai kwa desturi hawali nyama ya mwituni, na kwa miaka mingi mifugo yao ilikula malisho pamoja na nyumbu na punda milia. Mgeni anayeshangaa kuona wanyama wengi hivi, na awashukuru pia wachungaji hao.

Mungu alipompa Adamu bustani, alimweka ndani yake ailime na kuitunza. Hakumwambia aitunze akiwa nje ya lango. Kwa hiyo sisi twaona kwamba shauri lo lote juu ya Ngorongoro lisikatwe kabla wakaao humo hawajasikiwa. Aliyepewa ahadi ana haki ya kuuliza habari zake.