Nani Amjengee Marehemu Ukumbusho?

Mtu mkuu akifa, wengi hugombea jina lake. Watu wa chama chake husema: «Ni wetu huyu.» Jamaa husema: «Ni damu yetu.» Taifa nalo husema: «Alitutumikia sisi sote.» Basi, nani achaguliwe kumtengenezea heshima? Tutazame jinsi Wamarekani walivyofanya kwa Dwight Eisenhower.

Huyu alikuwa jemadari. Tarehe 6 Juni 1944 aliongoza majeshi yaliyoshuka pwani ya Normandie, kule Ufaransa. Tangu 1953 mpaka 1961 alikuwa Rais wa nchi yake. Alifariki tarehe 28 Machi 1969.

Mwaka 1999 sheria iliunda tume ya kumjengea ukumbusho mjini Washington. Watu wake walikuwa 12, katika mafungu matatu. Wanne waliwekwa na Rais. Wanne walitoka katika Senati. Wanne katika Baraza la Wabunge. Wakubwa wa vyama vyote viwili walishirikishwa katika kuwachagua wale wa mabaraza. Tena katika kila fungu, watu wa chama kimoja wasizidi wawili. Nafasi ikiachwa wazi, ijazwe kwa njia ile ile ya kwanza.

Mwaona hekima yake? Eisenhower alikuwa wa chama cha Republican, lakini chama hicho hakikuweza kumfanya mali yake. Wala Rais hakuweza kujaza viti vyote kwa rafiki zake. Senatere Daniel Inouye wa chama cha pili, aliyepoteza mkono vitani mwaka 1945, alifanya kazi humo pamoja na wengine.

Je, hiyo ilitosha kuleta amani? Hapana. Sheria ilipima vyama, lakini ugomvi ulitoka upande mwingine. Mchoraji Frank Gehry alitaka kusimamisha mapazia makubwa ya chuma yenye picha za mashamba ya Kansas, alikokulia marehemu. Jamaa zake hawakupendezwa. Mjukuu wake David, aliyekuwa ndani ya tume, alijiuzulu mwaka 2011. Kazi ikakawia. Mwaka 2016 wakapatana: pazia lionyeshe pwani ya Normandie, penye amani. Ukumbusho ukazinduliwa tarehe 17 Septemba 2020, miaka 21 baada ya sheria.

Ndugu, nasi katika parokia huchagua kamati ya kumkumbuka katekista au mzee aliyetangulia. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tuchague kutoka kila upande, tusiweke watu wa kijiji kimoja tu. Tena, kabla ya kununua saruji, twende kwanza kwa mjane na watoto, tuwasikilize. Kuhesabu viti kwa haki ni vema. Lakini haki ya viti haimfuti machozi mtu ambaye hakuulizwa. Na marehemu mwenyewe, kuliko mawe yote, anahitaji sala zetu.