Nyanya za Nyuma ya Jiko

Januari 2024 mama mdogo alinipigia simu kutoka Katesh. Mwezi mmoja na siku kadhaa zilikuwa zimepita tangu tope la Mlima Hanang lishuke juu ya mji ule, tarehe 3 Desemba 2023, na kuua watu zaidi ya 80. Nyumba yake ilisalia. Bustani ilikuwa chini ya mawe na magogo. Hakuomba hela.

"Mwambie mama yako anigawie ile mbegu yake ya nyanya."

Nilinyamaza. Mbegu ile haikuwepo tena, na aliyeimaliza ni mimi.

Ilikuwa Tanya. Kabla yake wakulima wengi nchini walipanda Money Maker, nyanya ya Kiingereza, tamu lakini laini: ipakie kwenye tenga, ipite barabara ya mashimo, na sokoni unafikisha rojo. Mwaka 1997 watafiti wa Tengeru, nje kidogo ya Arusha, wakishirikiana na kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga chenye makao makuu Taiwan, walitoa aina mbili zenye ganda gumu zaidi, Tanya na Tengeru 97. Mama alinunua kikopo kimoja, kule kwetu Dongobesh, na hakununua tena kwa miaka ishirini.

Hakuchagua tunda, alichagua mche. Mche wenye afya, uliozaa vizuri kuliko wenzake, aliufunga kitambaa chekundu na ole wake mtoto atakayeuchuma. Matunda yakiiva sana aliyakamua kwenye kikombe na kukiacha siku mbili tatu, mpaka povu lipande na jiko zima linuke uchachu. Ule utelezi unaozunguka mbegu ndio unaoizuia isiote ikiwa bado ndani ya tunda, uchachu unauondoa. Kisha aliosha, akaanika, akachanganya na majivu makavu na kufungia kwenye chupa ya dawa. Na kwa kuwa ua la nyanya kwa kawaida hujichavusha lenyewe, Tanya ya mwaka wa ishirini ilikuwa bado Tanya.

Dongobesh kuna baridi, na mbegu ya nyanya haipendi baridi. Kwa hiyo kitalu chetu kilianzia ndani: sanduku la mbao lenye udongo uliochomwa kwa majani makavu ili kuua magonjwa, likiwekwa karibu na mafiga. Miche ikichomoza ilitolewa nje kuota jua mchana, jioni ikarudishwa. Hiyo kazi ilikuwa yangu, na niliichukia.

Nilipokuwa chuo ndipo nilipojua kwamba tabia ile ya kikombe ndiyo iliyoileta nyanya kwetu. Chimbuko lake ni Amerika. Waazteki waliiita xitomatl. Wahispania waliuteka mji wao mwaka 1521, na kufikia 1544 Mwitaliano Mattioli alikwishaiandika kitabuni kama mmea mgeni. Zanzibar wanaiita tungule. Sisi tumempa mgeni huyu jina moja na nyanya chungu, ambayo ni mwenyeji wa Afrika, kana kwamba ni ndugu waliopotezana. Katika safari yote hiyo hapakuwa na duka la pembejeo. Palikuwa na mtu aliyekamua tunda na kuweka mbegu.

(Adui yake alikuja kwa kuchelewa. Kantangaze, kipepeo mdogo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda, naye ni wa Amerika ya Kusini. Aliingia Hispania 2006, na 2014 alikuwa Arusha.)

Mwaka 2019 nilirudi nyumbani na pakiti ya mbegu chotara. Nilimweleza mama kuhusu mavuno, nikamwonyesha picha kwenye simu. Sikumdanganya. Msimu ule tulivuna kuliko miaka yote, na ada ya mdogo wangu ilitoka mle. Ndipo nikasema zile za kwenye chupa hazina kazi tena. Akazigawa, nyingine akawamwagia kuku.

Msimu uliofuata alikamua za chotara kama alivyozoea. Zilizoota zilikuwa kila moja na sura yake: ndefu, fupi, yenye matunda kama gololi, isiyozaa kabisa. Chotara ni kizazi cha kwanza cha wazazi wawili tofauti. Watoto wake hutawanyika. Nilifundishwa hilo darasani na sikuwa nimemwambia. Pakiti mpya ilikuwa imepanda bei, naye akaacha kulima nyanya za kuuza.

Baada ya simu ya Katesh nilienda Dongobesh. Nyuma ya jiko, pale panapomwagwa maji ya vyombo, kulikuwa na maotea ya nyanya yaliyojiotea miaka yote. Mama alipita akibonyeza matunda kwa kidole gumba. Akachuma matatu.

"Hii inaweza kuwa yenyewe," akasema. "Au ni mjukuu wa ile ya pakiti yako."

Machi nilifikisha bahasha Katesh. Mama mdogo alikuwa ameomba udongo kwa jirani na kuutia kwenye ndoo iliyopasuka. Nilimweleza yote, na kwamba sina hakika hizi ni zipi. Alinisikiliza huku akichambua mawe kutoka kwenye ule udongo, kisha akaniuliza kama nimekuja na majivu.