Zimwi, Msichana na Deni la Baba



Wiki tatu sasa kikundi chetu kimegawanyika kwa sababu ya kitabu. Wengi mnajua tunavyosoma: jioni, simu moja yenye chaji, mmoja anasoma Kiingereza kwa sauti, mwingine anafasiri, wengine kazi yao kubisha. Kitabu chenyewe ni A Court of Thorns and Roses cha Mmarekani Sarah J. Maas, kilichotoka 2015. Ni mapenzi, uchawi na giza, vyote ndani ya sufuria moja. Mama mmoja wa mtaa wetu alipita akasikia kipande, akasema tunawafundisha mabinti kupenda mashetani. Mzee mmoja akaongeza kwamba haya ni mambo ya vijana wa siku hizi, zamani hayakuwepo. Shikamoo zenu tunazitoa kwa heshima zote, lakini hapo kwenye "siku hizi" ndipo tulipoona tuandike.

Kwa ambao hawajakisoma: Feyre ana miaka 19, anawinda msituni ili nyumbani wapate kula. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, meli zake zikapotea baharini, wadai wakaja wakamvunja goti. Siku moja Feyre anaua mbwa mwitu, kumbe si mbwa mwitu. Zimwi linakuja mlangoni kudai fidia: ama afe, ama avuke ukuta akaishi upande wa pili maisha yake yote. Anavuka. Zimwi hilo ni Tamlin, mtawala mwenye laana, na huku nyuma familia ya msichana inapata mali yake tena. Tulipofika hapo wadada watatu walisema kwa pamoja: hiyo si fidia, hiyo ni mahari.

Sasa tuje kwenye historia. Hadithi ya msichana anayepelekwa kwa zimwi, akalipenda, ni ya zamani kuliko dola zote tunazozijua leo. Mwandishi wa kwanza tunayeweza kumtaja aliyeiweka katika kitabu alikuwa Mwafrika: Apuleius wa Madauros, mji uliokuwa kwenye nchi ambayo leo ni Algeria, katika karne ya 2. Kwake msichana anaitwa Psyche. Baba yake anaambiwa na wapiga ramli ampeleke juu ya jabali, avalishwe harusi kama maiti, mume wake atakuwa kiumbe cha kutisha. Mume huyo huja usiku tu na haruhusiwi kuonekana. (Apuleius mwenyewe aliwahi kushtakiwa mahakamani kwamba alimroga mjane tajiri ili amwoe. Kwa hiyo kesi ya vitabu vya mapenzi na uchawi si ngeni.)

Kilichotushika ni nani anasimuliwa hadithi hiyo. Ndani ya kitabu cha Apuleius kuna msichana aliyetekwa na majambazi siku ya harusi yake, yuko pangoni analia. Bibi kizee anayewapikia majambazi ndiye anayemsimulia habari za Psyche ili anyamaze. Yaani msikilizaji wa kwanza wa hadithi hii ni binti aliyechukuliwa kwa nguvu, na msimulizi ni mpishi wa waliomchukua. Tulinyamaza kidogo tulipolijua hilo. Wapo kati yetu waliotoka Fizi na Uvira ambao hawakuhitaji kufasiriwa.

Ruka mpaka 1740, Ufaransa. Mama mmoja, Gabrielle-Suzanne de Villeneuve, anachapisha hadithi ndefu ambayo wazazi wetu waliosoma Kifaransa kule Kivu wanaijua kwa jina la La Belle et la Bête. Huyu mama alikuwa na sababu zake. Aliolewa na mtu aliyetapanya mali yao mpaka, katika miezi ya mwanzo tu ya ndoa, akaomba mali zitenganishwe. Alifiwa na mume akiwa na miaka 26. Kwa hiyo alipoandika juu ya baba mfanyabiashara aliyefilisika, na binti anayelipa kosa la baba kwa mwili wake, hakuwa anaota tu. Na kwake pia msikilizaji ni msichana aliye safarini: yuko kwenye meli kuelekea Saint-Domingue, koloni la watumwa ambalo leo ni Haiti, na mtumishi wake anamsimulia njiani.

Kwa Villeneuve, kila usiku Zimwi linamwuliza Belle kama anakubali walale pamoja. Anakataa, linaondoka. Kesho yake linauliza tena. Miaka 16 baadaye, 1756, mwalimu Mfaransa aliyekuwa akifundisha mabinti wa matajiri London, Jeanne-Marie Leprince de Beaumont, akaifupisha hadithi na kubadilisha swali: sasa Zimwi linauliza kama atakubali kuwa mke wake. Tunaelewa kwa nini. Wasomaji wake walikuwa watoto, tena mabinti wa tabaka ambalo ndoa hupangwa na wazazi. Toleo hilo fupi ndilo lililoenea duniani.

Na hapa kuna jambo ambalo hatukulitegemea. Beaumont aliandika kitabu chake kama mazungumzo, mwalimu akisimulia na wanafunzi wakitoa maoni. Maana yake tunayo maoni ya wasomaji wa 1756, angalau jinsi mwalimu mwenyewe alivyotaka yasikike. Mabinti wanakubaliana kwamba sura mbaya huzoeleka. Mmoja anatoa mfano: baba yake alileta nyumbani mtoto mweusi awe mtumishi, yeye akamwogopa, akawa anajificha, akamwona mbaya kuliko Zimwi. Polepole akamzoea. Sasa mtoto huyo humbeba kumpandisha kwenye gari la farasi, na yeye hafikirii tena uso wake.

Tulisoma mara mbili tuhakikishe. Wakaka wawili waliinuka wakatoka nje. Sisi tuliokuwa tunajiona Belle, kumbe katika kitabu hicho hicho tumekaa kwenye kiti cha Zimwi, na hatukuulizwa lolote, tunabeba tu. Mtoto yule hana hata jina. Hatusemi kitabu kichomwe. Tunasema tu kwamba "kuzoea" ni neno la kuangaliwa vizuri: anayezoea ni nani, na anayezoewa analala wapi.

Basi ugomvi wetu ni upi? Ni huu. Upande mmoja wanasema Tamlin ni mwema, analisha, analinda, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Upande wa pili wakajibu: soma methali yako vizuri, inasema halikuli *likakwisha*, kwa hiyo linakula, ila linabakiza. Na wana hoja, maana katika kitabu cha pili, cha 2016, Maas mwenyewe anamgeuza Tamlin. Kwa kumpenda na kumhofia Feyre, anamfungia ndani ya nyumba, asitoke. Feyre anaondoka. Wasomaji wengi waliompenda Tamlin walichukia hilo. Sisi tunaona ndipo mwandishi alipofanya kazi ambayo Beaumont aliikwepa. Huko Marekani, jimbo la Utah lilipotoa mwaka 2024 orodha ya vitabu 13 vya kuondolewa kwenye shule zake za umma, 6 vilikuwa vya Maas. Kwa hiyo yule mama wa mtaani kwetu ana wenzake mbali sana.

Hatumdharau. Kuna kurasa humo ambazo mfasiri wetu huziruka, na atazidi kuziruka. Lakini hofu yake kwamba binti akisoma ataanza kupenda mazimwi, sisi tumeona kinyume. Mwenzetu mmoja, hatumtaji, alitolewa shule mwaka juzi akaolewa na mtu mwenye duka ambaye baba yake alikuwa akidaiwa naye. Huja kusoma nasi, mtoto mgongoni. Tulipoeleza habari za swali la Villeneuve aliuliza, "Kila usiku anamwuliza?" Tukasema ndiyo. "Na akikataa anaondoka?" Tukasema ndiyo, anaondoka. Akauliza tena vilevile, kama vile hakusikia mara ya kwanza. Hakuna aliyebisha siku hiyo.

Yeye ndiye anayetaka kitabu cha pili kianze haraka. Jioni hawezi, lazima awe nyumbani kabla duka halijafungwa. Kwa hiyo kuanzia wiki ijayo tunasoma saa tisa alasiri, palepale chini ya mwembe. Mwenye chaji aje nayo.