Walitoroka Kambini, Wakapanda Mlima, Wakarudi Wenyewe

Vijana wenzangu, na nyinyi ndugu wa mashirika mnaotusomaga hapa, leo tuongee historia ya kambi. Sio yetu. Hii ilikuwa Nanyuki, Kenya, chini kabisa ya Mlima Kenya, mwaka 1943, na waliokuwa nyuma ya seng'enge walikuwa Wazungu. Waitaliano.

Walifikaje huko? Italia iliivamia Ethiopia mwaka 1935, na 1936 ikaingia Addis Ababa na kujiita mtawala. Miaka mitano tu. Mwaka 1941 jeshi la Uingereza, pamoja na askari wengi Waafrika na wapiganaji wa Ethiopia wenyewe, likawatoa. Addis Ababa ikaanguka mwezi wa nne, na Mei 5 Mfalme Haile Selassie akarudi kwake. Maelfu ya Waitaliano wakashushwa Kenya kama wafungwa wa vita.

Mmoja wao ni Felice Benuzzi. Alizaliwa Vienna 1910, akakulia Trieste, na huko Addis Ababa alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni. Hilo tuliweke wazi mapema, juu wengine wanapenda kumsimulia huyu mtu kama mtakatifu. Alikuwa mfanyakazi wa utawala uliokalia nchi ya wenyewe. Lakini alichofanya kambini kinatuhusu, na mimi nimekifikiria sana.

Kambi yenyewe iliitwa kwa namba: Kambi 354. Mabanda, foleni, kuhesabiwa. Hakuna aliyejua vita itaisha lini. Benuzzi anaeleza kwamba kilichowala watu pale ni muda mtupu, siku inayofanana na jana na kesho, watu wanagombana kwa vitu vidogo juu kichwa hakina kazi. Nani kati yetu anahitaji kufafanuliwa hapo?

Sasa, mlima wakati mwingi hufunikwa na mawingu. Siku moja mawingu yakafunguka na Benuzzi akauona: mawe meusi, barafu, juu kabisa. Wakikuyu wanauita Kirinyaga, na kwao ni makao ya Ngai. Vilele vyake vimepewa majina ya viongozi wa Wamaasai: Batian, mita 5,199, Nelion, mita 5,188, Lenana, mita 4,985. Batian ilikuwa imepandwa mara ya kwanza mwaka 1899 na Mwingereza Halford Mackinder akiwa na waongozaji wawili wa milima, wenye vifaa kamili na wapagazi wengi. Mfungwa hana hata kamba.

Benuzzi alijua kutoroka kwenda nyumbani hakuwezekani. Nchi ya karibu ambayo haikuwa vitani ilikuwa Msumbiji ya Wareno, zaidi ya kilomita elfu moja kwa mguu. Kwa hiyo akawaza kitu cha ajabu: kutoka, kupanda mlima, halafu kurudi kambini kwa hiari. Wenzake wengi walimwona amechanganyikiwa. Hakuna faida, hakuna uhuru, hakuna chakula cha ziada. Taabu tupu ya kujichagulia.

Wawili walikubali. Giovanni Balletto alikuwa daktari. Vincenzo Barsotti, ambaye walimwita Enzo, hakuwa mpanda mlima. Kazi yake ingekuwa kubaki kambi ya chini wakati wale wawili wanajaribu kilele. Mimi hapa ndipo ninaposimama kidogo. Sisi tukiunda timu tunatafuta wenye nguvu tu. Hawa walitafuta mtu atakayekubali kukaa peke yake kwenye baridi akiwangojea, bila kuonekana na yeyote.

Halafu ikaja miezi ya maandalizi, na kwangu mimi hiyo ndiyo hadithi yenyewe kuliko kilele. Ramani hawana. Picha ya mlima waliyoitegemea ilikuwa kwenye karatasi ya kopo la nyama na mboga, rashoni ya kawaida! Picha ya tangazo, nayo inaonyesha upande mmoja tu, wakati wao wangepandia upande mwingine. Vyuma vya kufunga chini ya viatu ili visiteleze kwenye barafu vilitengenezwa kwa mabati ya magari mabovu na vyuma vya taka. Nyundo ziligeuzwa kuwa mashoka ya barafu. Kamba zilitoka kwenye nyuzi za mkonge za vitanda vyao. Nguo za baridi zilishonwa kwa mablanketi. Sigara ilikuwa ndiyo pesa ya kambini, kwa hiyo Benuzzi akaacha kuvuta ili awalipe mafundi. Chakula kiliwekwa kidogo kidogo kutoka kwenye sahani zao wenyewe. Ufunguo wa geti la bustani ya mboga waliunakili kwa kubonyeza alama yake kwenye lami.

Fikiria kinachotokea kati ya watu hapo. Ukimpa mwenzako biskuti akutunzie kwa miezi, na wewe una njaa, na yeye ana njaa, na biskuti bado ipo, tayari mmeshajuana kuliko watu waliokaa banda moja miaka miwili. Ndiyo maana sikubali wanaposema taabu inaunganisha watu. Ingekuwa hivyo, kwenye foleni ya maji tungekuwa familia moja, kumbe pale ndipo ndoo zinaporushwa. Taabu ya kutupiwa, kila mtu anaibeba upande wake. Ile mliyoikalia chini mkaichagua, mkagawana nani ana kazi gani, hiyo ni habari nyingine.

Walitoka Januari 24, 1943. Mwanzoni walitembea usiku ili wasikamatwe, wakifuata mto Nanyuki kupanda msituni. Hawakuwa na bunduki, na msitu ule una tembo na chui. Enzo akaugua njiani, kwa hiyo mpango ukawa mzito zaidi: dawa kidogo, chakula kidogo, mgonjwa mmoja. Hawakumwacha, na hawakumlazimisha. Alibaki kwenye hema kama walivyopanga, Benuzzi na Balletto wakaenda kujaribu Batian.

Batian iliwashinda. Walipanda kwa upande wa kaskazini-magharibi, theluji ikaanza kuanguka, miamba ikawa barafu. Wakageuka. Miezi yote ile ya kujinyima, na wakageuka! Nimesoma watu wakiandika sehemu hii haraka haraka kama aibu. Mimi naona wangeng'ang'ania, wangekufa wawili juu na wa tatu angekufa chini akiwangojea. Walirudi kwa Enzo, na Februari 6 wale wawili wakafika Lenana, wakasimamisha bendera ya Italia waliyoibeba kutoka kambini, wakaacha chupa yenye ujumbe ndani.

Kushuka kulikuwa kubaya zaidi. Chakula kilikuwa kimeisha kabisa, wanatembea kwa njaa. Februari 10, baada ya siku 18, waliingia kambini kwa miguu yao wenyewe. Adhabu ilikuwa siku 28 za mahabusu. Mkuu wa kambi, Mwingereza, akazipunguza zikawa 7, akisema anaheshimu jitihada yao ya kimichezo.

Sasa, kabla mtu hajaanza kuangalia ua wa kambi yetu, tuongee sheria. Mfungwa wa vita wakati ule alilindwa na Mkataba wa Geneva wa 1929: akikamatwa baada ya kutoroka, adhabu ni ya nidhamu tu, na mahabusu isizidi siku 30. Benuzzi aliijua bei. Mkimbizi anayekamatwa nje bila kibali hana bei iliyoandikwa hivyo. Na wenyeji wa mlima wenyewe, Wakikuyu na wengine, mwaka ule ule walikuwa wanalazimishwa kubeba kipande shingoni ili waruhusiwe kwenda kazini kwenye nchi yao. Wao wangepanda na bendera, sidhani kama yule mkuu wa kambi angesifia mchezo.

Kwa hiyo tusiige kutoroka. Cha kuiga kipo kwingine, na wenzetu walishakifanya. Mwaka 2015 vijana wa Kakuma walikimbia mbio za mchujo, wengine bila viatu vya maana, na waliochaguliwa wakahamia Ngong kufanya mazoezi chini ya Tegla Loroupe. Watano kati yao, wote wa asili ya Sudan Kusini, wakaenda Rio 2016 ndani ya timu ya wakimbizi ya watu 10. Rose Nathike Lokonyen ndiye aliyebeba bendera. Hakuna hata mmoja wa hao watano aliyepata medali. Pale Ngong walikula pamoja, wakalala pamoja, wakaamka alfajiri pamoja kwa miezi, na wale ambao hawakuchaguliwa mwishoni nao walikuwa wamekimbia kila asubuhi hiyo.

Benuzzi aliandika kitabu, kikatoka kwa Kiitaliano 1947, kwa Kiingereza 1952. Baadaye akawa mwanadiplomasia, akafa 1988. Mkikipata, someni kurasa za kutengeneza vifaa polepole, hasa ile ya kuacha sigara. Alhamisi tukikutana nataka tujadili moja tu: kama ni sisi, nani angekubali kuwa Enzo?