Mti sinia, si mti kibete

Bonsai ni mti wa kawaida uliopandwa katika chombo bapa, ukapogolewa mizizi na matawi mwaka baada ya mwaka mpaka ukapata sura ya mti mkongwe wa porini, ilhali kimo chake kwa kawaida hakizidi mita moja. Uzito wa ufafanuzi huo umo katika maneno "wa kawaida". Mugumo uliomo ndani ya chombo hicho haukutokana na mbegu tofauti na ile ya mugumo wa porini. Ukitolewa na kupandwa ardhini, utarefuka kama migumo mingine. Kwa hiyo tafsiri ya "mti kibete" ina kosa la kibotania hata kabla ya kupimwa kwa mizani ya lugha.

Ukibete wa mmea ni jambo la nasaba. Wakulima wa Pwani wamelijua hilo siku nyingi: mnazi wa aina fupi wanauita kitamli, na wanaupanda wakijua kwamba ufupi umo katika mbegu. Bonsai hairithishi chochote cha ufupi wake. "Mti mbilikimo" ni tafsiri mbaya zaidi, kwani juu ya kosa hilohilo inaongeza neno ambalo wanadamu wametukaniwa. Na kitenzi kinachoandamana na tafsiri hizo mbili, yaani kudumaza, kinastahili kuondolewa kabisa. Udumavu, katika lugha ya kliniki, ni hali ya mtoto aliyekosa lishe. Bonsai hutiwa mbolea, na katika kiangazi cha Januari na Februari humwagiliwa kila siku, kwa sababu udongo wa chombo bapa hukauka upesi. Mti ukinyimwa chakula ndani ya chombo kama hicho, hufa. Vitenzi vya namna hii ndivyo vinavyopatikana kamati za istilahi zinapoketi kuzunguka meza ambayo juu yake hamna mti.

Wengine, kwa nia njema, hushika "mti wa chungu". Lakini geraniamu iliyoko barazani Milimani nayo imo chunguni, na mpira wa pambo uliosimama pembeni mwa ofisi ya benki vilevile. Istilahi inayovikumbatia vyote haijatofautisha kitu. Isitoshe, chungu kina kina, na fani nzima ya bonsai imejengwa juu ya uchache wa kina.

Hapo ndipo asili ya neno inapotoa mwongozo. Katika Kijapani, bon ni chombo bapa na sai ni upandaji. Wajapani waliipokea fani hii kutoka China, ambako huitwa penzai, na ndugu yake wa karibu, penjing, ni mandhari nzima ya mawe na mimea iliyopangwa chomboni. Kaburi la mwanamfalme Zhanghuai, lililojengwa mwaka 706, lina mchoro ukutani wa mtumishi aliyebeba chombo bapa chenye vijiwe na mimea midogo. Sasa Kiswahili kina neno gani la chombo bapa chenye ukingo mfupi? Sinia. Nalo limetoka katika Kiarabu, siniyya, lililoundwa kutokana na Sin, yaani China, kwa kuwa vyombo vya aina hiyo vilihusishwa na nchi hiyo. Wachina walianzisha fani, na jina lao limo tayari katika sinia la pilau. Haieleweki ni kwa nini watunga istilahi walipite neno hili na kwenda kuokota "kibete".

Mti sinia, basi. Muundo wake si mgeni. Lugha inayo askari kanzu, anayetajwa kwa vazi, na bata bukini, anayetajwa kwa kisiwa alikodhaniwa kutoka. Liko pendekezo pinzani la "mti chano", lenye ladha nzuri ya Kibantu. Ila chano ni chombo cha mbao, na mbao inayoloweshwa kila siku huoza. Bonsai lenyewe, kama mkopo, linatamkika bila taabu na halina dhambi. Upungufu wake ni kwamba halimwambii msomaji lolote.

Kazi yenyewe katika Bonde la Ufa la kati haigharimu sana. Katika vitalu vya kando ya barabara kuu kati ya Naivasha na Nakuru, mche wa kutafutwa ni ule uliokosa mnunuzi: shina limenenepa, mizizi imetoboa karatasi nyeusi ya nailoni, na mwenye kitalu yu tayari kuuachilia kwa bei ya chini. Mzeituni mwitu, unaoitwa pia mtamaiyo, huvumilia mkato mkali na kuchipua hata kwenye shina kuukuu. Mtarakwa haupogolewi hivyo: tawi lake likivuliwa majani yote, limekufa. Karatasi hupasuliwa mvua ndefu zinapoanza, mnamo Machi. Vitabu vya Kijapani husema mwisho wa majira ya baridi, majira yasiyokuwako Nakuru. Mizizi iliyojizungusha hukunjuliwa kwa kijiti, mzizi mkuu hukatwa, na mti hupandwa katika pumisi ya Longonot iliyochekechwa vumbi na kuchanganywa na mboji kidogo. Matawi huelekezwa kwa waya wa shaba uliochunwa kutoka kebo kuukuu ya stima, ukizungushwa kwa mwinamo wa nyuzi 45. Waya hukaguliwa mara kwa mara, maana hapa mti hunenepa karibu mwaka mzima na gome huanza kulika mapema kuliko vitabu vinavyosema.

Sinia halisi la alumini, hata likitobolewa, halifai kwa kazi hii: ni fupi mno na hushika joto la jua. Beseni la plastiki lililokatwa nusu hufaa zaidi kwa miaka ya mwanzo. Wapinzani wa istilahi hii hulitaja jambo hilo kwa furaha isiyolingana na uzito wake. Askari kanzu naye, siku nyingi, huwa amevaa suruali na jaketi.

Kisarufi, nomino ya kwanza ndiyo inayobeba upatanisho na ya pili haibadiliki: mti sinia mmoja, miti sinia miwili, kama ilivyo kwa maaskari kanzu. Fani yenyewe ni ukuzaji wa miti sinia, kitenzi chake ni kulea, na penjing ni mandhari ya sinia.