Ngangao Ndani ya Kompyuta

Mwaka 1955 Milima ya Taita ilipigwa picha kutoka angani. Nusu karne baadaye, mwaka 2004, Petri Pellikka wa Chuo Kikuu cha Helsinki na wenzake waliipiga tena, wakalinganisha. Misitu ya asili ilikuwa imepungua kwa takriban nusu, ilhali eneo lote lenye miti lilibaki karibu palepale: mikaratusi, misonobari na misaipresi ilikuwa imeziba pengo. Anayeitazama milima hiyo kutoka mji wa Voi haoni tofauti. Kijani ni kijani.

Ulinganisho wa aina hiyo hufanywa kwa programu za ramani. Mojawapo, isiyouzwa na inayofanya kazi ndani ya kompyuta hata intaneti ikikatika, ni QGIS, aliyoianzisha Gary Sherman huko Alaska mwaka 2002. Sherman hakuunda kila kidirisha na kitufe upya. Alijenga juu ya Qt, kiunzi cha lugha ya C++ kutoka Norway.

Qt nayo ilitokana na shida ya kazini. Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng walikuwa wakitengeneza programu ya picha za ultrasaundi, na ilitakiwa ifanye kazi kwenye Windows, Macintosh na Unix. Nani ataandika kitu kilekile mara tatu? Kiunzi chao kilitoka mwaka 1995. Norway ilikuwa na historia katika mambo ya programu: huko Oslo, miaka ya 1960, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walibuni Simula, lugha iliyoleta madarasa ya vitu na urithi kati yao. Kutoka humo Bjarne Stroustrup aliazima madarasa ya C++.

Urithi huo unaonekana vizuri ukifungua ramani ya Ngangao, mmoja wa misitu ya Milima ya Taita. Picha ya angani ni tabaka la vidoa vya rangi. Mpaka wa msitu ni tabaka la mistari. Ndani ya QGIS yote mawili ni watoto wa darasa moja, QgsMapLayer. Kwa hiyo programu huyapanga, huyaficha na kuyaonyesha kwa amri zilezile, kila moja likijichora kwa namna yake.

Mwaka 2008 Nokia iliinunua kampuni ya Qt, na mwaka 2012 Digia, ya Finland vilevile, ikaichukua. Ni sadfa tu kwamba kituo cha utafiti cha Wundanyi, katika Milima ya Taita, nacho ni cha Wafini.