Mavazi Mawili katika Mji wa Madurai



Wapendwa waamini, tafakari yetu ya juma hili inatupeleka mbali kidogo na parokia yetu, hadi Madurai, mji wa kale wa Watamil kusini mwa India. Tulifika huko asubuhi, na kama ilivyo desturi kwa kila aingiaye, tulivua viatu mlangoni mwa hekalu la Meenakshi kabla ya kukanyaga sakafu yake ya mawe. Hatukwenda kuabudu, wala hakuna aliyetutaka tufanye hivyo. Asiye Mhindu huruhusiwa kutembea katika kumbi za nje tu, asifike patakatifu pa ndani. Tulikwenda kujifunza historia ambayo Mama Kanisa naye anayo sehemu yake.

Jina Meenakshi maana yake ni mwenye macho mfano wa samaki. Ndivyo Wahindu wa huko wanavyomwita mungu wao wa kike, ambaye harusi yake na Sundareswarar, mojawapo ya sura za Shiva, husherehekewa kila mwaka kati ya Aprili na Mei mbele ya umati mkubwa wa watu. Mji wenyewe umelizunguka hekalu: barabara zake za zamani zimepangwa mraba ndani ya mraba, na nyingi zinaitwa kwa majina ya miezi ya Kitamil. Hekalu lina minara 14. Ule wa kusini, ulio mrefu kuliko yote, unazidi mita 50, nao umefunikwa kwa sanamu za rangi kutoka chini hadi kileleni. Upo pia ukumbi uitwao wa nguzo elfu. Anayezihesabu hupata 985.

Mwaka 1311 majeshi ya Sultani wa Delhi, yakiongozwa na Malik Kafur, yaliuvamia na kuupora mji huu. Sehemu kubwa ya majengo tunayoyaona leo yalijengwa au kujengwa upya katika karne ya 16 na ya 17, chini ya watawala walioitwa Nayak, ambao mashuhuri kati yao ni Thirumalai Nayak, aliyetawala tangu 1623 hadi 1659.

Ni katika mji huo wa Wanayak alimofika, mwaka 1606, padre Mjesuiti aliyekuwa bado kijana, Roberto de Nobili, mzaliwa wa Roma mwaka 1577. Alimkuta huko Mjesuiti mwenzake, Mreno Gonçalo Fernandes, aliyekuwa amefanya kazi kwa zaidi ya miaka 10, akiwahudumia hasa Wareno na Waparava, Wakristo waliotoka katika jamii za wavuvi wa pwani. Miongoni mwa wenyeji wa Madurai alikuwa hajampata mwongofu. Kwa nini? Kwa sababu machoni pao kuwa Mkristo kulimaanisha kuwa Parangi, jina walilowaita Wareno, watu waliodharauliwa kwa kula nyama ya ng'ombe na kunywa mvinyo.

Wahenga wetu walinena: ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Padre de Nobili alifanya jambo linalofanana na hilo. Aliivua kanzu yake nyeusi na viatu vyake vya ngozi, akavaa vazi la rangi ya udongo mwekundu na mitalawanda miguuni, kama sanyasi, yaani mtawa wa Kihindu aliyeyakana malimwengu. Aliacha nyama, akala wali na mboga mara moja kwa siku. Alijifunza Kitamil na Kisanskriti kwa mwalimu Mbrahmini, akaandika vitabu vya imani kwa lugha hizo. Waongofu wake aliwaachia kishungi chao cha nywele, liwa ya msandali na uzi unaopita begani, akisema kwamba hizo ni alama za hadhi katika jamii, si za ibada.

Kesi ilizuka. Fernandes na wengine walimshtaki kwamba anachanganya imani na upagani. Shauri lilijadiliwa kwa miaka mingi, hadi tarehe 31 Januari 1623, Baba Mtakatifu Gregori XV alipotoa waraka wa kuziruhusu desturi hizo kwa masharti. Kazi ikaendelea. Padre huyo alifariki dunia huko Mylapore mwaka 1656, akiwa karibu kipofu.

Wengi wetu tumezoea kumtaja kama mtangulizi wa kile tunachokiita leo utamadunisho, na ni haki kabisa. Lakini, ndugu wapendwa, historia ya kweli haina budi kusimuliwa yote. Vazi lile lilikuwa na gharama. Ili apokelewe na watu wa tabaka la juu, Padre de Nobili alijitenga hadharani na mwenzake Fernandes na Wakristo wake wanyonge, akaweka makao na kanisa la pembeni. Mnamo 1640 ilibidi lianzishwe kundi jingine la wamisionari, lenye mavazi mengine, kwa ajili ya watu wa tabaka la chini. Vazi moja lilifungua mlango kwa wenye hadhi, na papo hapo likaufunga kwa wanyonge. Tusisahau kwamba Papa Gregori, katika waraka uleule, aliwasihi wenye kujivunia ukoo wao wasiwadharau walio chini, hasa ndani ya nyumba ya Mungu. Ruhusa ya Papa ilipokewa kwa furaha. Ombi lake halikutimizwa kwa karne nyingi.

Miaka zaidi ya 300 baadaye, katika mji huohuo, mtu mwingine alibadili mavazi. Mwezi Septemba 1921, Mohandas Gandhi akiwa Madurai aliamua kuacha shati na kofia, akabaki na shuka fupi ya kiunoni, kwa sababu maskini wa India hawakumudu nguo zaidi ya hiyo. Naye alikataa kuingia katika hekalu la Meenakshi maadamu watu walioitwa wasioguswa walikuwa wamezuiwa. Tarehe 8 Julai 1939, wakili A. Vaidyanatha Iyer, yeye mwenyewe Mbrahmini, aliwaongoza watu wachache wa tabaka zilizokatazwa wakaingia hekaluni. Gandhi alikuja kuingia mwaka 1946. Katika jumba la makumbusho yake lililofunguliwa Madurai mwaka 1959 imehifadhiwa nguo yenye damu aliyoivaa siku alipouawa, tarehe 30 Januari 1948.

Je, tuseme basi kwamba mmoja alikosea na mwingine akapatia? Hapana. Bila Padre de Nobili tungefika kwa watu tukidhani kwamba Injili ni lazima ivae viatu vya Ulaya. Lakini katika mji huu tuliona kwamba vazi la heshima kwa utamaduni halitoshi, ikiwa utamaduni huo wenyewe unamwacha mtu nje ya mlango. Na tusiwanyoshee wengine kidole: katika baadhi ya makanisa ya Watamil, Wakatoliki wenyewe walitenganishwa kwa matabaka mbele ya altare moja. Mwaka 2016 Maaskofu Katoliki wa India walitoa sera rasmi wakiulaani ubaguzi huo kuwa dhambi kubwa ya kijamii.

Bwana wetu alijivua utukufu wake akatwaa hali ya mtumwa. Hakutwaa vazi la kumkaribisha kwa wakubwa peke yao. Juma hili, katika jumuiya zetu ndogondogo, tujiulize: je, tunapowapokea watu kwa heshima, ni nani anayebaki nje? Ni yule asiye na nguo ya Dominika, mgeni wa kabila jingine, au mtumishi wa ndani ambaye hakuna amwitaye kwenye sala?

Tulipotoka hekaluni tulivaa tena viatu vyetu. Mwenyezi Mungu atujalie tusisahau somo tulilolipata tukiwa pekupeku. Amina.